Kompyuta Kuukuu Isitoke na Sitara ya Nyumba



Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Majengo ya Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh hadi Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, zimo nyumba nyingi za aila zetu zenye kompyuta iliyostaafu. Moja imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa; nyingine imo chini ya kitanda ndani ya mkoba wake, chaja imezungushiwa waya wake wenyewe. Ilinunuliwa mtoto alipoingia chuo, ama ililetwa na ndugu aliyerudi kutoka Ghuba. Ikawa nzito, betri ikafa, ikanunuliwa nyingine, na hii ya kwanza ikabaki haitumiki wala haitupwi. Na huenda mlango wa tatu kutoka hapo yupo kijana wa sekondari ambaye kila jioni hulipa saiba kwa dakika ili aandike kazi yake ya shule.

Mwulize mama wa nyumba kwa nini kijana yule hapewi kompyuta hiyo. Jibu la kwanza litakuwa kwamba imeharibika. Ukivuta subira kidogo litakuja jibu la pili, nalo ndilo la kweli: "Mna mambo yetu mle." Nyumba ya jirani haina khofu hiyo, yenyewe hutoa kompyuta vile ilivyo, pamoja na picha zake, barua zake na maneno yake ya siri, ikidhani kwamba kubonyeza kitufe cha kufuta kumetosha. Nyumba ya kwanza imeizuia kheri, na ya pili imeitoa sitara yake barabarani. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia iliyo baina ya hizo mbili: kuifuta kompyuta kisawasawa, kuitia mfumo mpya, kisha kuitoa kwa moyo mweupe.

Kompyuta haina daka

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa daraja. Mgeni hupokewa kwenye daka, pale mlangoni. Akizoeleka huingia kiwandani. Akiwa wa karibu zaidi hufika kwenye misana. Na ndani, chumba cha mwisho, hapafiki ila wenyewe. Waislamu wasemao Kiswahili waliojenga nyumba zao Majengo, Pumwani, kuanzia miaka ya 1920, hawakupata nafasi ya viwanda na misana, lakini adabu ile hawakuiacha. Pazia mlangoni na hodi tatu zilifanya kazi ya kuta.

Kompyuta haina daka wala pazia. Anayeipokea hukabidhiwa vyumba vyote kwa mara moja. Hebu tutaje yaliyomo katika kompyuta ya aila moja ya kawaida. Zimo picha za kutia hina na za kupamba bibi harusi, shughuli ambazo hazihudhuriwi ila na wanawake, na ambazo bibi harusi aliridhia zipigwe kwa sababu aliambiwa hazitatoka nje ya jamaa. Zimo nakala za vitambulisho, pasipoti na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, zilizochapishwa mara moja kwa ajili ya shule kisha zikasahauliwa. Yamo marejesho ya kodi na taarifa za M-Pesa. Pengine zimo hati za Mahakama ya Kadhi juu ya talaka au mirathi, na majibu ya vipimo vya hospitali.

Hayo ndiyo yanayoonekana. Yapo na yasiyoonekana. Kivinjari cha intaneti huhifadhi maneno ya siri ya barua pepe na ya akaunti nyingine, na mara nyingi humfungulia mtu yeyote aliyeketi mbele ya skrini bila kumwuliza ni nani. WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta huweza kuendelea kupokea ujumbe wa mwenye simu asipoikata. Na wengi hawajui kwamba simu iliyowahi kuunganishwa na kompyuta ili itunziwe nakala huacha humo picha na ujumbe wa miaka hiyo yote, ijapokuwa simu yenyewe imeshauzwa zamani.

Kufuta kusikofuta

Kosa kubwa katika jambo hili linatokana na neno lenyewe. Tukisema tumefuta ubao, maana yake ni kwamba chaki haipo tena. Kompyuta hutumia neno hilo kwa maana nyingine. Ichukulie diski kuwa ni kitabu kikubwa chenye faharasa mwanzoni. Ukifuta faili, kompyuta huchana mstari mmoja wa faharasa, basi. Ukurasa wenyewe unabaki kama ulivyoandikwa, na utabaki hivyo mpaka siku itakapohitajika nafasi na kuandikwa kitu kingine juu yake. Hata kule kufomati kwa haraka, ambako mafundi wengi hukufanya kwa dakika chache, aghalabu ni kuandika faharasa mpya tupu juu ya kitabu kilekile. Programu za kurudisha faili zilizopotea zipo za bure, na hazihitaji elimu kubwa.

Jambo hili limeshapimwa. Kati ya mwaka 2000 na 2002, watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na kati ya hizo ni 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa kisawasawa. Katika nyingine walikuta barua za mapenzi, habari za wagonjwa na maelfu ya nambari za kadi za benki. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua diski kuukuu sokoni nchini Ghana, wakakuta katika mojawapo hati za kampuni ya Northrop Grumman kuhusu mikataba yake na serikali ya Marekani. Ikiwa kampuni ya silaha yenye wataalamu wake imeponyokwa na siri namna hiyo, nyumba ya Umoja isijione iko salama kwa sababu tu haina jambo kubwa. Picha moja ya binti yatosha kuwa jambo kubwa.

Amana, na sheria ya nchi

Wapo watakaosema: vitu vyangu ni vyangu, nikitaka nivifute nikitaka niviache. Lakini vilivyomo si vyako peke yako. Picha ya hina ni ya bibi harusi na ya kila aliyekaa kwenye mkeka ule. Hati ya mirathi ni ya warithi wote. Walikuamini wakakuachia, na amana haiondoki kwa sababu chombo kilichoibeba kimechakaa.

Sheria ya nchi nayo imelitazama jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimempa kila mtu haki ya faragha, na kutokana na hicho ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo imewasamehe watu binafsi kwa mambo yao ya nyumbani tu. Haikuzisamehe taasisi. Imamu, mwalimu wa madrasa, katibu wa chama cha maziko au mweka hazina anayetaka kutoa kompyuta ya ofisi ajue kwamba humo mna orodha za watoto, simu za wazazi, na majina ya wajane na mayatima waliosaidiwa. Sheria imeyataja majina ya watoto, ya wazazi na ya mume au mke kuwa miongoni mwa habari nyeti. Kompyuta ya madrasa ikipewa mtu na orodha hizo, hilo ni kosa la taasisi, si bahati mbaya.

Kadhalika Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya mwaka 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine. Lakini hapana mama atakayefarijika kwa hukumu ya mahakama baada ya picha ya mwanawe kuzunguka kwenye simu za mtaa mzima. Sheria huja nyuma ya msiba. Kufuta hutangulia mbele yake.

Hatua za kuifuta

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tenga siku nzima isiyo na haraka, na uichomeke kompyuta kwenye stima muda wote, maana betri ya kompyuta kuukuu haiaminiki na kazi ikikatika njiani itabidi ianzwe upya.

Hatua ya kwanza ni kuokoa unachokitaka. Nakili picha na hati kwenye diski ya nje au flashi. Usiishie kwenye folda ya picha na ya hati; tazama pia folda ya vitu vilivyopakuliwa kutoka intaneti, uso wa skrini, na folda za kila mtu wa nyumba aliyekuwa na jina lake katika kompyuta hiyo. Kisha chukua flashi hiyo uifungue katika kompyuta nyingine, ufungue picha mbili tatu na hati mbili tatu. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Wako waliofuta kompyuta leo na kesho wakakuta flashi tupu, na picha za marehemu bibi zikapotea milele.

Hatua ya pili ni kutoka katika akaunti zote: barua pepe, Google, Microsoft, na nyinginezo. Kwa WhatsApp, fungua simu yako, nenda palipoandikwa orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uikate kompyuta hiyo. Ikiwa ni kompyuta ya Apple, toka katika akaunti ya Apple na uzime huduma ya kuitafuta ikipotea, la sivyo huenda mpokeaji akaikuta imefungwa na asiweze kuitumia. Ukimaliza, badilisha neno la siri la barua pepe yako kwa kutumia simu. Hiyo ndiyo kufuli ya akiba.

Hatua ya tatu ni kufuta kwenyewe, na hapa ni lazima ujue diski yako ni ya aina gani. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, ambayo ukisogeza sikio utaisikia ikivuma. Diski hii husafishwa kwa kuandikwa sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zamani ilisemwa kwamba lazima irudiwe mara saba au zaidi; kwa diski za miaka hii, kuandika mara moja kote kunatosha.

Ikiwa kompyuta ina Windows 10 au 11, ingia kwenye mipangilio, utafute mahali pa kuirejesha kompyuta katika hali ya awali. Chagua kuondoa kila kitu, si kubakiza faili. Kisha, kabla ya kukubali, fungua sehemu ya mipangilio ya ziada na uwashe chaguo la kusafisha diski. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bila chaguo hilo kazi huisha upesi, na faili huweza kurudishwa. Ukiliwasha, diski ya gigabaiti 500 huweza kuchukua saa mbili, tatu au zaidi. Urefu wa muda ndiyo dalili kwamba kazi inafanyika.

Ikiwa ni Windows ya zamani zaidi, kama Windows 7, au haiwaki vizuri, tumia flashi yenye mfumo wa Linux Mint, ambayo tutaieleza punde. Kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Humo mna programu ya kushughulikia diski ambayo, unapofomati, hukuuliza kama unataka kuandika sifuri juu ya vilivyokuwamo. Chagua hiyo ya polepole. Hakikisha jina na ukubwa wa diski kabla ya kukubali, na diski ya nje yenye nakala zako uwe umeichomoa na kuiweka mbali.

Aina ya pili ni diski ya kisasa isiyozunguka, iitwayo SSD. Hii ina tabia yake: huhamisha maandishi ndani kwa ndani ili isichakae upande mmoja, kwa hiyo sifuri unazoandika huenda zisifike kila pembe. Njia yake bora ni amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, ambayo hupatikana kwa programu ya kampuni iliyoitengeneza, na katika baadhi ya kompyuta imo kwenye ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo kuamka.

Na kwa mwenye wasiwasi usiokwisha iko njia nyepesi kuliko zote. Toa diski ya zamani, ibaki nyumbani kwako katika sanduku la hati. Nunua SSD ndogo, uitie humo. Siri haikutoka mlangoni hata chembe, na kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika tano kuamka itaamka kwa muda mfupi mno. Mpokeaji atapata kitu bora kuliko ulichokuwa ukikitumia wewe.

Mfumo mpya, na haki za watu

Kompyuta iliyofutwa ni sawa na nyumba tupu. Kumpa mtu katika hali hiyo ni kumpa mzigo, kwani atalazimika kumlipa fundi kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Surat Al-Baqara, katika aya ya 267, imetuonya tusikusudie vibovu katika kutoa, vile ambavyo sisi wenyewe tungepewa tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Basi kompyuta itolewe ikiwa inafanya kazi.

Swali la kwanza ni mfumo upi. Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020. Mfumo usiohudumiwa hauzibiwi matundu yanayogunduliwa na wezi wa mtandaoni. Windows 11 nayo haikubali kila kompyuta: inataka RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Ikiwa yako inakubali, itie hiyo. Kompyuta zilizouzwa na Windows 8 au matoleo ya baadaye kwa kawaida zina nambari ya leseni iliyohifadhiwa katika ubao wake, na mfumo ukitiwa upya wa aina ileile huitambua wenyewe.

Hapa kuna jambo la kutahadhari. Ni mazoea ya mitaani kutia Windows ya wizi iliyovunjwa kufuli. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Disemba 1988, liliamua kwamba haki za watungaji na wavumbuzi ni mali yenye kulindwa na sheria ya dini, haifai kuvamiwa. Sadaka haijengwi juu ya mali ya mtu mwingine. Isitoshe, programu hizo za kuvunja kufuli mara nyingi ndizo zibebazo virusi, na mpokeaji asiyejua atakuwa amepewa mwizi pamoja na kompyuta.

Kwa bahati njema haja ya wizi haipo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo uitwao Linux na kuuacha wazi kwa kila mtu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo uliojengwa juu yake, akauita Ubuntu, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa utu wetu. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mifumo hii ni ya bure kwa idhini ya wenyewe. Kwa kompyuta ya zamani ninayopendekeza ni Linux Mint, hasa toleo lake la Xfce, ambalo ni jepesi. Inahitaji RAM ya gigabaiti 2 kwa uchache, na 4 ni bora. Huja na kivinjari pamoja na LibreOffice ya kuandikia, na hilo lamtosha mwanafunzi.

Pakua mfumo kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, uuandike kwenye flashi ya gigabaiti 8, usikope flashi ya mtu usiyejua imepita wapi. Unapoutia, usiweke jina lako wala neno lako la siri. Windows ukiiacha kwenye ukurasa wa kukaribisha, mpokeaji ataendelea mwenyewe. Linux Mint nayo ina namna ya kutiwa inayomwachia mpokeaji kuchagua jina lake siku ya kwanza. Mwisho jaribu kila kitu: vitufe vyote vya kibodi, sauti, kamera, Wi-Fi na chaja.

Ukimhitaji fundi

Si kila mama ataweza kazi hii, wala si lazima. Mafundi wako wengi, na wengi wao ni watu wa kuaminika. Lakini uaminifu wa mtu si sababu ya kumjaribu. Mweleze fundi kwa uwazi kwamba unataka diski iandikwe sifuri kote, si kufomatiwa kwa haraka, na ukae hapo mpaka imalizike, ama umtume kaka au mtoto mkubwa akae. Usiiache ikalala dukani. Na hata kama unakwenda kutengenezewa kitu kingine, kwa mfano kibodi au skrini, mwombe aitoe diski kwanza mbele yako urudi nayo nyumbani. Kwa kazi kama hizo haihitajiki, na fundi mwema hataudhika. Kijana wa nyumba anayesoma mambo ya kompyuta afundishwe kazi hii aifanyie na jirani. Ni sadaka isiyomgharimu ila muda wake.

Iliyokufa nayo ina haki yake

Ziko kompyuta zisizoweza kupona, au zilizo dhaifu kiasi kwamba kumpa mtu ni kumchosha. Hizo zisitupwe. Jaa la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo linapokea taka huku watoto na akina mama wakichokoachokoa humo kutafuta riziki. Skrini za zamani za vioo vinene zina madini ya risasi, na betri za laptopu zikipasuliwa huweza kushika moto. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu. Tusiongeze yetu kwenye moshi wa jirani zetu.

Kwanza toa diski. Ikiwa haiwaki na haiwezi kufutwa, itobolewe kwa keekee mara kadhaa, au ifungwe ndani ya kitambaa kizito na kupigwa nyundo mpaka sahani za ndani zivunjike, na mpigaji avae miwani, kwa sababu sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo. SSD ni lazima vijisanduku vyeusi vilivyo juu ya ubao wake vivunjwe kimoja kimoja. Kilichobaki kipelekwe kwa wachakataji. Upande wa Embakasi, jirani kabisa na mitaa yetu, kipo Kituo cha WEEE kinachopokea vifaa vya umeme vilivyokwisha. Kilichipuka kutoka katika shirika la Computers for Schools Kenya, ambalo tangu mwaka 2002 limekuwa likizifanyia ukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni.

Adabu ya mpokeaji

Tumemwambia mtoaji, tumalizie kwa mpokeaji. Ukipewa kompyuta ukakuta ndani yake picha au barua za watu, hukupewa hizo. Uliyepewa ni chombo tu. Surat Al-Hujurat, katika aya yake ya 12, imekataza kuchunguza siri za watu, na katazo hilo halikufungwa kwenye tundu la mlango pekee. Usifungue faili ya pili baada ya kutambua ya kwanza. Mpigie simu mwenyewe, umuulize kama anahitaji nakala, kisha ufute kwa njia tuliyoieleza. Usimsimulie mtu ulichokiona, wala usimwonyeshe rafiki hata kwa mzaha. Wazazi wawafundishe watoto wao jambo hili mapema, kwa sababu mtoto ndiye mara nyingi wa kwanza kuiwasha.

Mtoaji naye, siku ya kukabidhi, aandike karatasi ndogo aitie kwenye mkoba: mfumo uliotiwa na tarehe yake, RAM na ukubwa wa diski, na kasoro zilizobaki, kwa mfano betri haishiki chaji au kitufe fulani hakifanyi kazi. Kisha ampe mwenyewe mkononi, faraghani, bila ya kupiga picha ya kutangaza. Mwenye kupokea ana sitara yake pia, na mtoto wa jirani asiingie katika kompyuta yake mpya akikumbuka kwamba mtaa mzima ulimwona akipewa.

Wabillahi t-tawfiq.